TUTEMBEE KWA AKILI: Kitzbühel, mji wa shaba uliogeuka mji wa theluji

Ndugu msomaji, mwezi huu vaa koti nzito, kofia na soksi za sufu, kwa sababu tunaenda fasi ya baridi. Tunaenda Kitzbühel, mji mdogo wa watu kama elfu nane hivi, katika milima ya Tirol, inchi ya Austria. Wazungu wanaenda pale mwezi wa kwanza na wa pili kuteleza juu ya theluji, na wanalipa franga mingi kwa ajili ya ile kuteleza. Unacheka? Ngoja kwanza. Mji ule iko ndugu yetu kuliko unavyofikiri. Mbele ya kuishi kwa theluji, uliishi kwa shaba.

Utafika kwa treni. Njia ya reli ilipita pale mwaka 1875, na mpaka leo treni inasimama karibu kabisa na mji. Ukishuka, salamu ya kwanza utakayosikia ni "Grüß Gott". Maana yake ni Mungu akusalimu. Mwenye duka anakuambia vile, dereva anakuambia vile, hata kijana mwenye haraka. Jibu vilevile, watafurahi.

Kiisha tembea polepole katika barabara ya kati. Utaona nyumba za rangi, moja ya njano, moja ya waridi, moja ya kijani, na kuta zake nene sana. Juu kidogo iko kanisa la Mtakatifu Andrea. Mgeni anapiga picha na kusema: mji mzuri huu! Lakini wewe, mtoto wa mgodi, uliza: nani alilipa? Uzuri ule mwingi ulitoka chini ya udongo. Zaidi ya miaka 3000 iliyopita watu walikuwa tayari wanachimba shaba katika milima hii. Karibu na mwaka 1540 madini yakaonekana pale Röhrerbichl, kando ya mji: shaba pamoja na fedha. Sisemi franga za mfukoni, nasema ile madini nyeupe yenyewe. Watu wakakimbilia pale toka pande zote. Wakachimba kwa nyundo na patasi, na taa ndogo ya mafuta, mpaka shimo moja likafika mita 886 kwenda chini. Fikiri vizuri: mita 886, hakuna umeme, hakuna baruti. Kwa muda mrefu sana shimo lile lilihesabiwa kuwa la kwanza duniani kwa kwenda chini.

Halafu? Halafu unajua. Kadiri walivyoshuka, maji yakazidi, madini yakapunguka, gharama ikapanda. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1700 Röhrerbichl ikafungwa. Wengi wakabaki na ng'ombe, jibini na kuta nzuri. Toka pale mpaka theluji ilipoanza kuleta kazi ilipita miaka mia moja na zaidi. Mia moja! Vitabu vya wageni vinaruka miaka ile kwa mstari mmoja, lakini mimi nakuomba usiiruke. Mule ndani mlikuwa baba na watoto ambao hawakuona shaba, hawakuona wageni pia.

Sasa turudi ku ski. Mwanaume mmoja wa mji ule, Franz Reisch, alisoma kitabu cha Nansen, yule Mnorwe aliyevuka Greenland mwaka 1888 akisimama juu ya mbao ndefu mbili. Reisch akaagiza mbao zake toka Norwe, na mwaka 1893 akapanda mlima uitwao Kitzbüheler Horn, akashuka akiteleza. Njo mwanzo wa yote. Baadaye alikuwa meya wa mji.

Wewe hautaanzia juu kama Reisch. Asubuhi watakukodisha viatu vya plastiki, vizito na vigumu kupita viatu vya kazi vya ku mgodi. Navyo hauwezi kutembea vizuri: unaenda kama bata. Kiisha watafunga mbao kwa viatu, na miguu itaanza kukimbia pasipo ruhusa yako. Utaanguka. Mtoto wa miaka mine atapita kando yako akiimba. Usisikie haya, kila mtu alipita njia hii. Mwalimu amevaa nguo nyekundu. Shule moja ya pale inajiita "Mashetani Wekundu". (Bamama, musiogope, ni jina tu. Wana upole mwingi.) Atakufundisha neno la kwanza: kusimama. Unakutanisha ncha za mbele za mbao, unatanua nyuma, unakunja magoti, na mwili unapunguza mbio. Mtu akijua kusimama, woga unatoka, na furaha inaingia. Siku ya pili au ya tatu unashuka kilima kidogo peke yako, upepo unapiga uso, na unasikia kucheka kunatoka mwenyewe kifuani.

Hapa vijana musikilize. Njia za theluji zina rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ya wenye kujua. Anayetoka nyuma njo mwenye kuangalia. Aliye mbele hana macho ya kisogoni. Mtu akiumia, unasimama kumusaidia, hiyo ni sheria. Na usitoke katika njia iliyowekwa alama kufuata wenye kujisifu, kwa sababu theluji ya mlimani inaweza kubomoka na kufunika watu. Kila siku wanatangaza hatari yake kwa namba, toka 1 mpaka 5. Wenye kujua wanaisoma kama vile kapita anavyoangalia paa la shimo mbele ya kuingiza watu. Tena paka mafuta usoni na midomoni: jua linarudishwa na theluji, na ngozi nyeusi pia inaungua.

Kupanda juu haiko kwa miguu. Tangu mwaka 1928 kuna kijumba kinachoning'inia kwa kamba ya chuma mpaka juu ya mlima wa Hahnenkamm. Baba, ukiingia mule utakumbuka kile kisanduku cha kushusha watu shimoni. Kamba ni ileile, mlango ni uleule. Ila hiki kinakutoa kwenda kwenye mwangaza.

Toka juu kule kunashuka njia iitwayo Streif, ambapo kila mwezi wa kwanza wanashindana wakali wa dunia. Mashindano ya Hahnenkamm yalianza mwaka 1931. Njia ina kilometa 3 na zaidi, na mshindi anaimaliza chini ya dakika mbili. Fasi moja inaitwa Mtego wa Panya, na jina linatosha. Mtoto wa mji wenyewe, Toni Sailer, alijifunza kazi ya fundi wa bati. Mwaka 1956, akiwa na miaka 20, alienda ku Michezo ya Olimpiki kule Cortina, Italia, akarudi na medali tatu za dhahabu: mashindano yote matatu ya kushuka milima ya wakati ule. Alikufa mwaka 2009, na mpaka leo wazee wanamutaja kama mtoto wa nyumbani.

Jioni miguu inauma kwa utamu. Utakaa kando ya jiko la kuni, watakuletea supu yenye donge la mkate na jibini, kiisha Kaiserschmarrn: keki ya mayai iliyopasuliwa-pasuliwa, sukari juu, matunda kando. Wazee wa imani katika jamaa yetu watafurahia pia kanisa dogo la Mtakatifu Katarina, katikati ya mji.

Lakini nisikudanganye juu ya bei. Tikiti ya siku moja ya kupanda milima, kwa mtu mkubwa, inapita euro 60. Matajiri wa inchi zingine wamenunua nyumba pale, na Kitzbühel imekuwa kati ya fasi ghali kabisa za Austria. Kijana aliyezaliwa pale anatafuta chumba, bei inamushinda. Na kuna neno lingine: mji wenyewe iko chini, mita 760 hivi juu ya bahari, na dunia inapata joto. Theluji ya kuanguka yenyewe imepunguka fasi kama ile. Kwa hiyo wanapiga maji hewani kwa mashini wakati wa baridi kali, yanakuwa theluji, na maji yale yanachotwa katika mabwawa waliyochimba mlimani.

Mbele ya kulala, fungua dirisha. Utaona taa zikipanda na kushuka mlimani, polepole, usiku mzima. Zile ni mashini za kusawazisha theluji, na ndani yake watu wa zamu ya usiku. Asubuhi, wewe ukifunga viatu, wao wanashuka bondeni kwenda kulala. Wengi wao hawalali Kitzbühel. Wanalala vijijini, kule ambako chumba bado kinalipika.