Taa inayotupiga macho

Usiku, kati ya Likasi na Kolwezi, taa ya kamio inakupiga macho: hauone tena shimo, hauone mutu wa kinga anayetoka poste. Tusiseme ni bahati mbaya tu. Kamio nyingi zinaingilia Kasumbalesa toka inchi ambako wanaendesha kushoto. Taa zao zinanyanyua mwanga upande wa kushoto. Kwetu, tunaoendesha kuume, kushoto njo kwenye macho ya anayekuja. Wengine nao wanatia ampuli ya LED katika taa isiyotengenezwa kwa ile ampuli: mwanga unatawanyika, na vumbi inauzidisha. Kibandiko cheusi kwenye kioo cha taa kinaweza kukata mwanga unaonyanyuka kushoto. Basi wakubwa, pale mpakani mupime na taa, si makaratasi peke. Watu wa poste ya usiku wanataka kufika nyumbani.