Sindano Siyo ya Kwanza!

Jamani, udaktari kazi! Dada yangu anajiandaa na mtihani wa leseni, mimi ndiye namshikia maswali. Juzi nikamsomea: mtoto wa miaka 3, homa siku mbili, ana degedege, hajitambui. Unaanza na nini?

Nikamuwahi: "Sindano ya malaria!"

"Umeshafeli," akacheka. "Kwanza njia ya hewa iwe wazi, apumue. Halafu pima sukari. Malaria kali huishusha. Ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, mpe glukosi haraka, la sivyo ubongo unaweza kuharibika. Na sindano ya artesuneti usiicheleweshe: sasa hivi, baada ya saa 12, na saa 24."

Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mtoto wa jirani yetu. Watu walisema kapitiwa na dege, akichomwa sindano atakufa. Wakamfukiza mavi ya tembo hadi alfajiri. Alipofikishwa hospitali, basi tena.

Mshkaji, mtoto akishikwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kimbia hospitali. Huu mtihani hauna sapu.

Tuonane wiki ijayo!