Nepal: jina la nani, lugha ya nani?

Ukitaja Nepal mbele ya watu wa rika langu, utajibiwa kwa neno moja: Everest. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Siku nilipompelekea mhariri wazo la makala kuhusu ugomvi wa lugha kule Nepal, alicheka, akaniuliza kama habari za mjini zimekwisha. Basi gazetini halikupita. Ninyi nivumilieni.

Haya, tuanze na jina lenyewe. Zamani Nepal halikuwa jina la nchi nzima tunayoiona kwenye ramani. Lilikuwa jina la bonde la Kathmandu, nyumbani kwa Wanewari, ambao lugha yao mpaka leo wanaiita Nepal Bhasa, yaani lugha ya Nepal. Mwaka 1768 mfalme Prithvi Narayan Shah wa Gorkha aliiteka Kathmandu, na baadaye jina la bonde likawa la himaya yote. Kisha lugha ya watekaji, iliyokuwa ikiitwa Khas au Gorkhali, nayo ikabatizwa Kinepali katika karne ya 20. Mnaona mchezo huo? Mtu ananyang'anywa nyumba, halafu anayeingia anachukua na jina lake.

Wanewari hawakunyamaza. Wakati wa utawala wa ukoo wa Rana, kuandika kwa Kinewari kuliweza kumfikisha mtu gerezani. Mshairi Chittadhar Hridaya alifungwa mwaka 1941 kwa sababu ya shairi, akakaa ndani miaka kadhaa. Unajua alifanya nini huko? Alitunga utenzi mrefu wa maisha ya Buddha, Sugata Saurabha, kwa kificho, kwenye vipande vya karatasi vilivyotoroshwa nje kwa msaada wa dada yake. Kila nikifikiria hilo naona aibu kulalamika kwamba kompyuta ya ofisini ni ya taratibu.

Akina Rana walianguka mwaka 1951. Wengi walidhani mambo yamekwisha, kumbe bado. Desemba 1960 mfalme Mahendra alivunja serikali iliyochaguliwa na wananchi, akaja na mfumo wake wa Panchayat na wito wa lugha moja, vazi moja, nchi moja. Mwaka 1965 Redio Nepal ikaacha kutangaza habari kwa Kinewari. Vazi la taifa likawa daura suruwal, lile shati refu la kufunga kwa kamba na suruali iliyobana miguuni, pamoja na kofia ya topi. Ni vazi zuri, sikatai. Ila lilikuwa la watu wa vilima. Mtu wa tambarare za kusini, mpakani na India, aliyezoea dhoti yake kwa sababu ya joto, alijikuta si Mnepali wa kutosha kwa kuangaliwa tu nguo.

Nisieleweke vibaya. Hoja ya umoja si ya kipuuzi. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu lugha 124 za mama. Nchi ya namna hiyo inahitaji lugha ya sokoni na mahakamani, na Kinepali, ambacho ni lugha ya mama ya asilimia 45 hivi ya watu, kinaifanya kazi hiyo vizuri. Ninachokataa ni ule ujanja wa kuchukua utamaduni wa kundi moja, kuuita wa taifa, kisha ule wa wengine kuuita ukabila.

Kisa cha Parmananda Jha kinaonyesha jambo hilo kuliko hotuba yoyote. Nepal ilikuwa jamhuri Mei 2008, na Julai mwaka huo yeye, mtu wa tambarare aliyewahi kuwa jaji, aliapishwa kuwa makamu wa rais. Akala kiapo kwa Kihindi. Moto ukawaka! Watu waliandamana, wakachoma sanamu zake. Waliokasirika walikuwa na lao pia: Kihindi ni lugha ya jirani mkubwa ambaye Wanepali wengi wanamwogopa, wala si lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mwaka 2009 Mahakama Kuu Kabisa ikasema kiapo hakifai, arudie kwa Kinepali. Jamaa akagoma. Ofisi ikabaki haina mwenyewe kwa miezi, mpaka katiba ya mpito ikarekebishwa, na Februari 2010 akaapa tena kwa Kimaithili, lugha yake hasa, na kwa Kinepali. Mbingu hazikuanguka.

Katiba ya mwaka 2015 ikasema lugha zote za mama zinazozungumzwa Nepal ni lugha za taifa. Ushindi, sivyo?

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Sheria haimkatazi tena Mnewari wa Kathmandu kusema lugha yake, lakini katika sensa hiyo ya 2021 waliosema ndiyo lugha yao ya mama hawakufika asilimia 3 ya Wanepali wote. Siku hizi wazazi wanaotaka mtoto afike mbali wanampeleka shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, ambayo kule huitwa boarding hata kama mtoto analala kwao. Nyumbani wanamsemesha Kinepali asichanganyikiwe. Hakuna askari wala gereza. Ni mapenzi ya mzazi na risiti ya ada. Hridaya aliweza kumficha askari karatasi zake. Lakini mama anayemtakia mwanawe kazi nzuri, utamfichaje? Na utamlaumu kwa lipi, wakati tangazo la kazi linataka Kiingereza, na vijana kwa maelfu wanapanga foleni kwenda Qatar na Malaysia?

Ninawashangaa wanaodhani kifungu cha katiba kinatosha. Lugha isiyoleta mkate inahitaji angalau darasa, gazeti, redio, na mzazi asiyeionea haya.

Najua kuna atakayeniuliza, wewe Mtanzania unatafuta nini Kathmandu? Bibi yangu yuko kijijini, Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Nikimpigia simu namwambia mwangaluka, naye anaitikia kwa furaha, anaanza kunieleza mambo marefu kwa Kisukuma. Baada ya hapo namwomba ampe shangazi simu anitafsirie.