Labadee: watalii walifika Haiti bila kuiona Haiti

Meli kubwa ilipokaribia Labadee, kwenye mwambao wa kaskazini ya Haiti, abiria aliona milima yenye miti mingi ikishuka mpaka baharini, minazi, mchanga mweupe, maji ya buluu. Gati iliyomalizika mwaka 2009 ilipokea meli zenye kubeba watu zaidi ya 5.000 kwa mara moja. Walishuka asubuhi, waliogelea, walikula nyama ya kuchoma, mmoja alinunua sanamu ya mti, na mangaribi walipanda tena na kwenda zao. Wengi walirudi kwao wakisema walitembelea kisiwa kidogo kizuri. Kumbe hapo si kisiwa kidogo hata kidogo. Ni ncha ya inchi kavu iliyoingia baharini, na nyuma yake kuna uzio na walinzi. Kijiji cha Labadie kiko karibu kabisa, lakini abiria hakuruhusiwa kutoka peke yake kwenda kusalimia mtu.

Zamani matangazo ya safari hizo yaliandika "Labadee, Hispaniola", yaani jina la kisiwa kizima ambacho Haiti inagawana na Jamuhuri ya Dominika. Neno Haiti halikuonekana. Kuna watu walioshinda pale siku nzima bila kujua wako inchi gani. Jambo hilo ni baya kuliko uzio wenyewe. Uzio mtu anaweza kuuelewa, maana usalama ni usalama, na raia wa Kivu hawahitaji kufundishwa hilo. Lakini kukaa kwenye baraza la mtu na kuficha jina lake ni kumzarau.

Tarehe 12 mwezi wa kwanza 2010, tetemeko la udongo liliangusha Port-au-Prince na kuua makumi ya maelfu ya watu. Siku 3 baadaye meli Independence of the Seas ilifika Labadee, kama ratiba yake ilivyopangwa. Abiria waligawanyika. Wengine walisema hawawezi kuogelea na kula nyama wakati maiti zingali chini ya nyumba zilizoanguka. Wengine walishuka. Kampuni ilijibu kwamba meli imeleta chakula cha msaada, na kwamba wenyeji wanaofanya kazi pale wanahitaji mshahara wao siku hizo kuliko siku zote. Magazeti ya Ulaya yalikasirika sana.

Juu ya hilo, kampuni ilisema kweli. Mama aliyeishi kambini na meza yake ndogo ya mkaa na nyanya anajua: mpita njia anayemwangalia kwa huruma na kwenda bila kununua anamwachia nyanya zake zioze. Aliyeshuka na kununua sanamu alisaidia kuliko aliyebaki melini akilia.

Shida ilikuwa kwingine. Chakula cha mchana pale Labadee kilishushwa kutoka melini. Mkulima wa ndizi wa upande wa pili wa uzio alisikia muziki tu.

Na mgeni naye alipoteza. Ni katika eneo hilo la kaskazini ndipo watumwa waliamka mwaka 1791, wakapigana mpaka uhuru wa tarehe 1 mwezi wa kwanza 1804. Wengi wao walikuwa wametolewa upande wa ufalme wa Kongo. Wazee wa Congo nao wanakumbuka walimu Wahaiti waliokuja kufundisha mashuleni miaka ya 1960, Wabelgiji walipoondoka. Ngome kubwa ya Citadelle ingali juu ya mlima, si mbali na bahari. Aliyeshinda Labadee hakufika huko.

Mwaka 2024 meli ziliacha kusimama Labadee sababu ya makundi yenye silaha. Zikarudi, na mwaka 2025 zikaacha tena. Wakati huo Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya Wahaiti milioni moja waliokimbia makwao ndani ya inchi yao. Meli inageuza njia na kwenda kisiwa kingine. Muuza sanamu hana pa kugeukia.

Mashua za Goma na Bukavu zinapita kila mara kando ya Idjwi, kisiwa cha mananasi na kahawa, chenye kupokea wakimbizi kila vita inapowaka ng'ambo. Uzuri wake hautabaki siri. Siku amani itakaporudi na mtu mwenye pesa akaja na karatasi za kutiwa sahihi, bami wa Rubenga na wa Ntambuka wamuulize mapema, mbele ya raia: nanasi litakalokatwa mezani pa wageni litanunuliwa kwa nani? Kwenye tiketi litaandikwa jina gani? Na mgeni akitaka kupanda kilima kusalimia watu, nani atamzuia?