Ngoma Haikusubiri Mtaguso

Tukitoka Misa ya pili, chini ya mkungu wa kanisa letu hukaa mzee anayeubebesha Mtaguso wa Pili wa Vatikano kila asichokipenda: ngoma, vitenge, kinanda cha umeme. Namheshimu, maana Gloria ya Kilatini anaiimba bila kitabu. Historia yake ndiyo inayonishinda.

Anasema Mtaguso ulifuta Kilatini. Hati ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, ya tarehe 4 Desemba 1963, inaagiza kitunzwe, huku lugha za watu zikipewa nafasi pana zaidi. Ruhusa za kukiacha kabisa zilikuja baadaye, hatua kwa hatua, na sisi tukazipokea kwa mikono miwili.

Anasema uliamuru padre awageukie watu. Katika hati hiyo agizo hilo halimo. Maelekezo ya Septemba 1964 ndiyo yaliyoshauri altare itengwe na ukuta, ili padre aweze kuizunguka na kuadhimisha akiwatazama waamini.

Lakini kubwa kwake ni ngoma: eti zililetwa na Mtaguso. Mtaguso ulifunguliwa Oktoba 1962. Miaka minne kabla, 1958, kwaya ya Kamina, Katanga, chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ilikuwa imeshaipeleka Missa Luba hadi Ulaya. Maneno ni yale yale ya Kilatini, Kyrie mpaka Agnus Dei. Sauti na mapigo ni ya Kikongo. Nilipomweleza, akauliza, “Na Credo waliimba nzima?” Nzima, mzee. Akanyamaza, akavuta fimbo yake. Miaka yote amedhani Kilatini na ngoma ni paka na panya.

Kuhusu sanaa, anadai Kanisa lina mtindo wake na tumeuharibu. Hati ile ile inasema Kanisa halikuwahi kuufanya mtindo wowote kuwa wake peke yake. Aliyefika Bujora, karibu na Mwanza, ameiona sanaa ya Kisukuma ikiingia kanisani bila kuomba radhi.

Kwa kelele, hapo namuunga mkono. Jumapili iliyopita kinanda kiliimeza “Mtakatifu” yote, bibi aliyekaa mbele yangu akaziba sikio kwa pindo la kanga. Hilo nalo halimo katika hati yoyote ya Mtaguso. Kitufe cha sauti kinashikwa na kijana wa kwaya, na mzee anamjua. Ni mjukuu wake.