Mapambo ya Mababu Yasipimwe kwa Kilo

Maonyesho ya vito na hazina za dhahabu za kale huvuta maelfu ya watu katika makumbusho ya Ulaya. Lakini si wengi miongoni mwa watazamaji hao wanaojiuliza dhahabu ile ilitoka wapi. Swali hilo latuhusu Watanzania wote, nalo lawahusu hata wananchi wa Malampaka.

Mjini Lisbon, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, imo monstransi ya Belém, chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno. Dhahabu yake ni ile ambayo Vasco da Gama aliitoza Kilwa mwaka 1502, baada ya kumtishia mtawala wa mji huo kwa mizinga. Dhahabu hiyo ingali huko, nayo ilikwisha kubadilishwa umbo.

Nao Waasante wa Ghana waliporwa hazina ya mfalme wao na majeshi ya Waingereza mjini Kumasi mwaka 1874. Mwaka 2024, baada ya miaka 150, vitu 32 vilipelekwa kuonyeshwa katika Makumbusho ya Kasri la Manhyia. Lakini havikurudishwa moja kwa moja. Viliazimwa kwa miaka 3, kwa mkataba unaoweza kuongezwa miaka 3 mingine. Mwenye mali ameazimwa mali yake! Hapa pana funzo: kitu kikishatoka, kukirejesha ni kazi ya vizazi.

Yamkini msomaji atasema kwamba Usukumani hazina haikuwa dhahabu. Ni kweli. Heshima ya mtemi ilionekana katika kipande cha mviringo cha kombe la bahari, kilichobebwa na wapagazi kutoka pwani hadi huku bara. Katika bangili za pembe za ndovu, vikuku vya shaba na chuma, na shanga za kioo. Kwa wazee wetu, kombe lile ndilo lililokuwa dhahabu. Utemi ulipofutwa mwaka 1963, mapambo ya namna hiyo yalipoteza kazi yake, na wenye kujua maana yake wanazidi kupungua mwaka hata mwaka.

Kikuku cha shaba kikiwekwa katika mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, hupata bei ya kilo. Kikinunuliwa na mpita njia, huondoka bila jina wala historia. Na pambo lisilojulikana lilivaliwa na nani, wapi na kwa sababu gani, hata likiwekwa katika kabati zuri la kioo, ni bubu.

Makumbusho ya Bujora huko Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yametuonyesha njia kwa kuhifadhi ngoma, viti na mapambo ya Wasukuma. Lakini Bujora peke yake haiwezi kubeba mzigo wa Usukuma nzima.

Tunajua kwamba zahanati na visima havina budi kutangulia. Kwa hiyo hatuombi jumba la fahari. Tunaishauri Halmashauri ya Wilaya ya Maswa itenge chumba kimoja chenye kufuli na mlinzi, hapa hapa Malampaka. Isichukue mali za watu, bali iziazime kwa hati, zibaki kuwa mali ya familia. Kila pambo lipigwe picha na kuandikwa. Walimu wa historia wawatume wanafunzi kwa wazee wakayanakili maelezo yao kabla hayajapotea. Makumbusho ya Taifa nayo yatume mtaalamu wa kufundisha utunzaji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuvitoa vitu vya kale nchini bila kibali, lakini sheria haiwezi kukilinda kitu ambacho haijui kama kipo.

Kwa familia zilizo na vitu hivi tunatoa wito: msiviuze, wala msiviache vioze masandukuni. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Kilwa ilinyang'anywa kwa mizinga, haikupewa nafasi ya kuchagua. Sisi nafasi hiyo tunayo.