Sehemu Tatu Katika Tano

Tusikiapo redioni ya kwamba Serikali imeunda tume ya kuchunguza mishahara ya watumishi wake, sisi wa vijijini twasema: hayo ni ya watu wa maofisini. Twarudia majembe yetu. Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka bibi mmoja wa parokia yetu, mwenye miaka 80, aliponiletea sanduku la karatasi za marehemu baba yake nimsomee.

Baba huyo alihitimu Makerere, akawa mwalimu wa Serikali zamani za Mwingereza. Mwaka 1952 alimpeleka shule mtoto wa kiume. Binti akaambiwa angoje. Alingoja mpaka akaolewa. Miaka yote bibi aliamini kwamba fedha za baba ziliishia katika pombe, maana mwalimu Mzungu wa shule ile ile alikuwa na motokaa, na baba hakuwa hata na baiskeli.

Basi, sikilizeni. Mwaka 1947 Waingereza waliunda tume chini ya Sir Maurice Holmes, ichunguze utumishi wa Serikali katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Taarifa yake ya mwaka 1948 ilishika kanuni hii: Mwafrika au Mwasia afanyaye kazi ile ile ya Mzungu, hata akiwa na cheti sawa naye, alipwe sehemu tatu katika tano.

Hebu chukueni kalamu. Kazi ikiwa ni ya shilingi 1,000 kwa mwezi, Mwafrika atapata 600. Zile 400 hazikunywewa kilabuni. Hazikutoka hazina kamwe.

Tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ilitoa taarifa mwaka 1954, ikataka kanuni ile iondolewe: kazi moja, mshahara mmoja. Lakini aliyetoka ng'ambo aliongezewa posho ya kumvuta aje, na kwa hiyo Mzungu akazidi kubeba kikapu kikubwa. (Tangu nilipojua hayo, mtu akinitajia mshahara wake wa msingi humwuliza kwanza habari za posho.) Leo mwalimu wa Serikali ya Tanzania hupangiwa ngazi kwa cheti chake, wala haulizwi rangi. Vijana wetu wa chuo cha ualimu hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Nilimweleza bibi hayo yote kwa Kiswahili chepesi, karatasi zikiwa mezani. Sikuweza kumwambia kwamba baba yake hakunywa kamwe. Hilo karatasi hazisemi. Aliniomba nimhesabie zile 400 kwa mwaka mzima. Nikaandika: 4,800. Alikitazama kikaratasi kile kitambo, akakikunja, akakifunga katika pindo la kanga.

"Na ada ya shule, Karani," akauliza, "siku zile ilikuwa shilingi ngapi?"